Pindo la Gauni la Mshono Mmoja

Paris,
Jumapili, 1 Desemba 1957

Mpendwa Dada Elmire,

Natumaini barua hii itakukuta umeanza kutembea na ule mguu bila fimbo, na kwamba daktari ameacha kukutisha. Kikohozi cha shemeji Anselme kimepungua? Mwambie asiache kujifunga shali anapotoka kiwandani, maana joto la mitambo ya lesi na baridi ya huko Caudry havipatani. Na Josèphe amepona surua? Nimemfumia soksi, nimezitia katika kifurushi pamoja na barua hii. Mimi ni mzima wa mwili. Macho yananiuma jioni, lakini hayo ni macho ya kila mshonaji aliyevuka arobaini.

Barua yako ya tarehe 8 Novemba niliipokea tarehe 11. Umengoja jibu wiki tatu, na najua ulivyo, utakuwa umeanza kujiuliza nakuficha nini. Uliniuliza jambo moja tu. Nyumba anayopanga Shangazi Zélie kule Montreuil inabomolewa. Tarehe 15 mwezi huu lazima awe ametoka, na manispaa imemwandikia kwamba kama hana ndugu wa kumpokea atapelekwa kwenye nyumba ya wazee wasio na watu. Ukauliza tumpokee au tumwache. Ukaongeza kwamba Anselme ameapa hatalala chini ya paa moja na mwizi, na kwamba marehemu Baba asingekubali dada yake huyo avuke kizingiti chake. Ukataka neno langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwemo katika nyumba ya mitindo ya Corvisy siku alipofukuzwa.

Neno langu utalipata, lakini halitaeleweka bila habari iliyotangulia. Nakuomba usome peke yako kwanza, mpaka mwisho. Tarehe zote nimezitoa katika shajara yangu, kwa hiyo usidhani nakisia.

Jumatatu tarehe 9 Septemba, Bibi Hermance Corvisy aliniita ghorofani kwake. Ana miaka sabini na minne sasa, na bado hufunga kimto cha pini mkononi kila asubuhi, ingawa ni miaka mingi hajachoma pini kwenye kitambaa. Aliniambia kwamba Januari nyumba itatimiza miaka thelathini na mitano, na kwamba anataka historia yake iandikwe, ichapwe vizuri, wapewe wageni siku ya onyesho. Akasema mwandishi nitakuwa mimi. Nilimwambia mimi ni msaidizi wa mkuu wa chumba cha magauni mepesi, kazi yangu ni sindano. Akanijibu kwamba nimesoma sekondari, naandika kila siku, na kila mtu anajua.

Nilishuka ngazi nikijiuliza kwa nini mimi. Katika nyumba hii kuna watu wenye kalamu nzuri kuliko yangu. Bwana Fulgence, anayetunza funguo za kabati la kumbukumbu, ndiye anayeandika hata hotuba za Bibi. Chumbani wenzangu hawakuwa na shaka yoyote, wao walicheka tu. Gilberte, yule wa meza ya dirishani, aliniambia, “Haya, Bi Mwandishi, na sisi tuandike. Usisahau miguu yangu inavyovimba Januari.” Msichana mmoja akadakia kwamba miguu ya Gilberte itahitaji kitabu chake peke yake. Nilicheka nao, lakini lile swali sikuliweka chini.

Bibi alinisimulia, nami nikaandika. Unaijua sehemu kubwa, maana tulikuzwa nayo. Mumewe alifia katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka wa mwisho. Mwaka 1923 akauza piano yake, akapanga vyumba viwili juu ya duka la miavuli, akanunua cherehani moja ya mtumba. Mwezi Aprili 1924 akashona gauni la arusi la binti wa mfanyabiashara wa mvinyo wa Reims, lile gauni ambalo kila mshonaji wa Paris analijua kwa jina: Gauni la Mshono Mmoja. Hariri yote imekatwa mshazari, na mshono mmoja tu unaanza begani, unauzunguka mwili mara moja na nusu, unaishia kwenye pindo. Hakuna mwingine. Bibi aliniambia niandike kwamba alilikata peke yake na kulishona peke yake, kwa siku kumi na moja, bila mkono wa pili. Wiki iliyofuata arusi ile mabibi wa Paris walipanga mstari ngazini hadi kwenye miavuli.

Kisha akanipa mengine. Vyumba viwili vikawa ghorofa nne. Mwaka 1930 Wamarekani wakaacha kununua, akalazimika kupunguza wasichana. Mwaka 1936 wote tukagoma, na yeye akatuletea supu kisha akakataa kutusalimu mwezi mzima. Wakati wa vita hapakuwa na makaa, tukawa tunashona tumevaa glavu zilizokatwa vidole. Baada ya vita sketi zikapanuka, na gauni moja likawa linakula mita ishirini. Niliandika yote. Jina la Shangazi Zélie halikutajwa hata mara moja, na yeye alikuwa mkuu wa kwanza wa chumba cha ushonaji katika nyumba hii, kuanzia mwaka 1923 hadi Februari 1932.

Mimi sipendi kuandika kitu bila kukilinganisha na karatasi. Kwa hiyo tarehe 7 Oktoba nilimwomba Bwana Fulgence anifungulie kabati la madaftari ya kazi. Kila gauni lina ukurasa wake: aliyelikata, waliolishona, siku lilipotoka. Fulgence alisimama mlangoni akichezea funguo, akasema, “Unatafuta nini humu? Historia iko juu, inakunywa chai.” Nilimwambia natafuta tarehe. Hakuondoka. Nilihisi macho yake mgongoni kama baridi ya dirisha lililoachwa wazi.

Daftari la 1925 lilikuwa zima. La 1923 na la 1924 yalikuwa na majalada yake, nyuzi zake, na ndani yake hamkuwa na kurasa hata sita. Nyingine zilikatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono wa jalada, kazi safi ya mkono uliozoea kukata. Nilimwuliza Fulgence. Akasema ni panya. Nikamwambia panya wa nyumba hii wanatumia rula. Hakucheka. Siku ya pili Bibi aliniuliza, huku akitazama kucha zake, kama madaftari yalikuwa na vumbi jingi. Basi nikajua kwamba kila ninachofungua, kuna anayekwenda kusema juu.

Tangu hapo nikaanza kuwatilia shaka wote. Nilimshuku Fulgence kwa wembe, kisha nikakumbuka kwamba aliajiriwa baada ya vita. Nilimshuku Gilberte, kwa sababu unazozijua. Nilikushuku hata wewe, Dada. Nilijiuliza kama Baba aliwahi kukuachia jambo la Shangazi ambalo hukunishirikisha.

Jumanne tarehe 12 Novemba, siku moja baada ya barua yako, Gauni la Mshono Mmoja lilishushwa chumbani kwetu. Familia ya Reims ililirudisha kama zawadi miaka saba iliyopita, na tangu hapo limelala sandukuni ndani ya karatasi. Bibi anataka livaliwe Januari, kama gauni la arusi linavyofunga onyesho siku zote. Pindo lilikuwa limelegea upande wa mkia wa nyuma, nikapewa mimi kulitengeneza.

Wewe umeishi na lesi, hukuishi na sindano, kwa hiyo labda huijui desturi yetu. Gauni la arusi linaposhonwa, msichana asiyeolewa aliyepewa pindo hung'oa unywele wake mmoja na kuushonea ndani. Husemwa kwamba ataolewa kabla mwaka haujaisha. Hufanywa kwa siri, mkuu wa nyumba asione, maana mkuu akiona anasema tunachafua kazi. Mjane hatii unywele. Aliyeolewa hatii. Akithubutu atachekwa mpaka astaafu.

Nilifumua pindo kiasi cha shubiri moja. Ndani yake kulikuwa na unywele mmoja mrefu, umeviringishwa na kukamatwa kwa mishono mitatu midogo. Niliupeleka dirishani. Ulikuwa mwekundu, wekundu wa shaba ya sufuria. Bibi Hermance nywele zake zilikuwa nyeusi tititi kabla hazijawa nyeupe, na mwaka 1924 alikuwa mjane wa miaka sita. Aliyeziondoa kurasa alikumbuka kila karatasi ndani ya nyumba hii. Pindo hakulikumbuka, kwa sababu hakuwahi kushona pindo.

Dada, unajua ni ukoo gani wenye nywele za rangi hiyo. Jitazame kwenye kioo.

Hata hivyo sikutaka kuamini haraka. Unywele si sahihi ya mtu. Alhamisi tarehe 14, wakati wa chakula cha mchana, nilikaa mkabala na Gilberte. Ni mmoja wa wachache waliobaki tangu miaka ile. Tulikuwa tunakula dengu. Nilimwuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, nani alikuwa na nywele nyekundu katika vyumba viwili vya kwanza. Gilberte aliweka kijiko chini. Akasema, “Nywele nyekundu? Unaniuliza mimi, au unajiuliza mwenyewe?”

Halafu akasema yote, kwa sauti ya chini, huku akiendelea kuvunja mkate. Yeye aliingia 1927, na alipoingia wazee wa chumba walimwambia mambo yalivyo. Zélie alikuwa akikata, Bibi akishika pini. Bibi alikuwa na jina, uso na ulimi wa kuzungumza na matajiri. Mkasi ulikuwa wa Zélie. Kila msimu Shangazi alibeba nyumbani mfano wa kitambaa cha marekani, lile gauni la majaribio tunaloshona kwanza kabla ya kugusa hariri, kwa sababu hakuweza kufikiri mtu amemsimamia nyuma ya shingo. Alikuwa akiurekebisha kwake na kuurudisha Jumatatu. Chumba kizima kilijua. Gilberte alisema, “Alikuwa anabeba kichwa chake mwenyewe kwapani. Sasa hapo mwizi ni nani?”

Nilimwuliza kuhusu mwaka 1932. Unakumbuka jinsi ilivyokuwa: wiki mbili tu baada ya onyesho la Januari, duka moja la ng'ambo ya mto liliweka dirishani gauni letu namba 27, kitambaa rahisi lakini mkato uleule, hata makosa yaleyale. Hiyo haikuwezekana bila mtu kuutoa mfano nje. Gilberte alitazama huku na huku. Akasema kwamba mwishoni mwa Januari ile Bibi alimtuma na kifurushi laini kilichofungwa kwa utepe, akipeleke kwa mteja mgonjwa. Mlango alioelekezwa ulikuwa mlango wa nyuma wa duka lilelile. Alikuja kulijua hilo baadaye, alipoliona namba 27 dirishani. Hakusema, kwa kuwa nani angemwamini kwamba hakujua alichobeba?

Kisha akanitazama na kuniambia maneno ambayo sijayasahau: “Ukoo wenu umenilaumu miaka ishirini na mitano. Dada yako akija Paris hanisalimu, ananipita kama mwiko ukutani. Mnaamini mimi ndiye niliyemsemea Zélie kwa Bibi. Na wewe unakaa hapa kila mchana, unanipitishia chumvi.” Yeye alimaliza dengu zake.

Ijumaa tarehe 22 Novemba nilipeleka ghorofani kurasa zote nilizoandika. Mahali pa gauni lile niliacha mistari mitatu mitupu. Bibi alisoma akiwa amevaa miwani yake ya mnyororo, akafika hapo, akauliza kulikoni. Nilimwambia kuhusu pindo. Kwanza alicheka, akasema hata mjane ana nywele. Nikamwambia si za rangi ile. Akavua miwani.

Hakukana, Dada. Hicho ndicho kilichonitisha. Alisema kwamba mwanzoni mwa 1932 kulikuwa na wasichana arobaini na wawili wakingoja mishahara, na Wamarekani hawakuja. Akaniuliza, “Unadhani mlilipwa na malaika?” Alisema aliuza mfano mmoja, mara moja, na chumba kilipoanza kunong'ona ilibidi apatikane mtu. Zélie alikuwa ameshaanza kudai jina lake liandikwe mlangoni chini ya la Corvisy, na kama lisingeandikwa angeondoka na kufungua nyumba yake. Angeondoka na mkasi ule, na hapa tungebaki na jina. Yote hayo aliyasema kwa utulivu, kama anayemweleza mteja kwa nini mkono wa gauni umekatwa hivi.

Nikamwambia kwamba basi nitamwandika. Alitabasamu. Akasema, “Mwanangu, Fulgence anaandika vizuri kukuzidi. Hujajiuliza kwa nini nilikupa wewe? Mwingine yeyote angeweza kukutana na jina la Zélie akaliweka. Wewe huwezi kumwandika yeye bila kujiandika na wewe.”

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali nililoshuka nalo ngazi mwezi Septemba. Na hapa ndipo, Dada Elmire, inabidi nikuambie jambo ambalo nimelikalia tangu nina miaka kumi na sita.

Gilberte hakumsemea Shangazi. Nilimsemea mimi.

Nilikuwa na miezi mitano tu katika nyumba ile, nikifagia pini kwa sumaku. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeniombea nafasi, na nilikuwa nikilala kwake. Jumatatu tarehe 15 Februari Bibi aliniita, akanipa chokoleti kutoka kwenye sanduku lenye utepe, akasema amesikia kuna msichana aliyesoma, anayeandika kila kitu kwa tarehe. Aliniuliza kama niliwahi kuona mtu akitoka na kifurushi. Mimi nilivimba kichwa. Hakuna mtu mkubwa aliyewahi kuniuliza kuhusu shajara yangu. Nilikwenda kuichukua, nikamsomea. Nimeifungua tena leo, na nainakili kama ilivyo:

“Jumamosi, 6 Februari 1932. Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni Shangazi ametoka na gombo la marekani chini ya koti. Ameniomba nisimsemee. Mvua.”

Nilisoma hata hilo la kuombwa nisimsemee. Sikuulizwa kwa nini alilibeba, nami sikueleza kwamba nililiona juu ya meza yetu Jumapili nzima, amelitandaza, akilichora kwa chaki, na kwamba alilirudisha Jumatatu. Hilo sikuwa nimeliandika, na kwangu mimi wakati ule kisichoandikwa kilikuwa kama hakikutokea. Siku iliyofuata Shangazi alifukuzwa mbele ya chumba kizima, koti lake likageuzwa mifuko nje. Nilikuwepo. Nilishika ufagio wangu.

Barua aliyopelekewa Baba ilikuwa na tarehe, saa na dakika. Unakumbuka alivyotusomea mezani siku nilipokuja nyumbani, akasema mtu anayesingiziwa hatajiwi dakika. Dakika zile zilikuwa zangu. Shangazi aliandika mara tatu kujitetea, Baba akazitia barua zake jikoni kwenye moto. Siku nane baada ya kufukuzwa kwake mimi nilitolewa kwenye ufagio, nikapewa kastabini ya kukinga kidole na nafasi mezani, mwaka mzima kabla ya wakati wangu. Wewe uliponiuliza nani alisema, nilinyamaza. Ulipojibu mwenyewe kwamba bila shaka ni yule Gilberte mwenye mdomo, nilitikisa kichwa kukubali. Nilijifariji kwamba Shangazi kweli alikuwa mwizi, kwa hiyo nilisema kweli. Nimejifariji hivyo mpaka siku nilipofumua lile pindo, na huenda hata kabla ya hapo sikuwa naamini.

Jumapili iliyopita, tarehe 24, nilikwenda Montreuil. Sikuwa nimepanda ngazi zile tangu mwaka ule. Shangazi ana miaka sitini na minne, nywele zimekuwa rangi ya majivu, anashonea majirani vifungo na kupindua kola. Alinifungulia, akanitazama, akasema, “Umekonda. Kaa.” Alinipa kahawa ya chikori, nami nilimwambia kila kitu kwa mpangilio, kuanzia tarehe ya kwanza.

Nilipofika kwenye pindo alinikatiza kwa hasira. Aliuliza nani amenipa ruhusa ya kulifumua pindo lake, na nani amelirudisha, na kwa mishono mingapi. Nilimwambia ni mimi, na idadi nikamtajia. Akasema, “Mingi. Hariri ile haitaki kukabwa shingo.” Nilidhani huo ndio utakuwa ukali wote. Nikaendelea hadi kwenye chokoleti na shajara.

Nilitegemea atanifukuza, au atalia, au labda ataniambia alijua siku zote. Hakujua. Alisema jina moja tu: “Gilberte.” Kumbe kila mwaka mpya, tangu 1933, Gilberte amekuwa akipanda ngazi zile na keki ya siagi mkononi, na kila mwaka Shangazi amemsikia akibisha na hakufungua. Keki iliachwa mlangoni. Shangazi aliitupia njiwa. Aliniambia, “Mara ishirini na tano nimemwacha yule mwanamke kwenye ngazi. Miguu yake mibovu, naye anapanda.” Akaniuliza Gilberte anakaa wapi sasa. Nilimwandikia anwani. Alivaa kofia yake, akachukua koti, akaniacha peke yangu ndani ya chumba, kahawa ikapoa.

Nilimngojea. Nilifikiri ni haki yake kunikuta nikiwa bado nimekaa. Alirudi baada ya saa tatu, macho mekundu, na mdomo wake una sukari. Hakunieleza walichoongea. Alianza kumenya viazi. Nilimwambia kuhusu barua yako na kuhusu tarehe 15. Alisema kwamba yeye hajiombei kitanda kwa mtu. Alisema pia kwamba siku ya mazishi ya Baba, Anselme alimsimamisha getini mbele ya majirani na kumwita mwizi, na kwamba hataingia katika nyumba ambayo bado inamwita hivyo. Akasema niandike mimi, kwa kuwa mimi ndiye hodari wa kuandika, na nisiache chochote. Anselme asomewe yote, mezani, kwa sauti. Baada ya hapo, mkimtaka, atakuja.

Jumatatu tarehe 25 wasichana walikuwa wamevaa kofia zao za sikukuu ya Mtakatifu Katarina, msimamizi wa wasichana wasioolewa, za manjano na kijani, chumba kizima kikiimba. Mimi nilipanda kwa Bibi na ukurasa mmoja mpya. Ulisema kwamba Gauni la Mshono Mmoja lilikatwa na kushonwa na Zélie Hennequart, mkuu wa kwanza wa chumba cha ushonaji cha nyumba hii, aliyefukuzwa 1932 kwa kosa ambalo hakulitenda, kwa ushahidi wa Noémie Hennequart, mtoto wa kaka yake. Bibi aliusoma mara mbili. Hakuupasua. Aliukunja, akauweka chini ya kimto cha pini, akaniambia historia itamaliziwa na Bwana Fulgence. Kunifukuza hawezi kabla ya onyesho, mikono haitoshi. Baada ya Januari sijui. Kitabu kitatoka na wageni watakisoma, na jina la Shangazi halitakuwemo. Hilo sikuliweza.

Kwa hiyo ukweli huu utakuwa katika nyumba moja tu, nayo ni yako. Neno langu uliloniomba ni hili: mpokee. Msomee Anselme barua hii yote, na akitaka kukasirika anikasirikie mimi, anwani yangu anayo. Kama mmekubali, nitumie telegramu ya maneno mawili kabla ya Ijumaa, nami nitamsindikiza Jumamosi tarehe 7 mpaka kituo cha treni, nimpakilie mizigo. Atashuka Caudry saa tisa na nusu alasiri. Hana mizigo mingi. Kile chumba cha juu kilichokuwa changu kila Noeli, mpe yeye. Kina mwanga mzuri wa kushonea.

Mimi Noeli hii sitakuja. Nilimwuliza Shangazi kama siku moja naweza kuja huko kuwaona nyote, yeye akiwemo. Aliendelea kumenya viazi, akasema, “Tutaona.”

Nisalimie Josèphe, na umwambie soksi zikimbana nitazifuma upya. Wasalimie majirani wa mtaani, na mama mzee wa duka la mikate. Mguu wako uupake mafuta ya moto kabla ya kulala, na usipande ngazi bila sababu. Nakungoja kwa heshima na mapenzi yote niliyonayo, hata kama jibu lako litakuwa kali.

Mdogo wako,
Noémie Hennequart